Herufi Tatu Baada ya Jina: Nani Alisema Huyu Anaweza Kukupangia Pesa?

Ukiongea mambo ya pesa mtandaoni huku Kenya, kuna swali halikosi: "Kwani wewe uko na cheti gani?" Mimi sina shida na swali lenyewe. Ni haki ya mtu kuuliza. Shida yangu ni vile tunauliza kana kwamba jibu likiwa "ndio, niko nacho", basi mambo yameisha, toa pesa umpatie. Na siku hizi kila skimu ikianguka, mtu anasimama kusema serikali ilazimishe kila anayetoa ushauri wa pesa awe na cheti. Sawa. Lakini kabla tudai cheti, si tuangalie kwanza kilitoka wapi? Kwa sababu cheti maarufu zaidi duniani cha watu wa kupanga pesa binafsi, kinaitwa CFP, yaani Certified Financial Planner, hakikuanzishwa na serikali wala chuo kikuu wala na wateja walioibiwa. Kilianzishwa na wauzaji. Na hiyo si siri, ni historia yao wenyewe wanaisimulia kwa fahari.

Twende Chicago, Desemba 12, 1969. Watu 13 wamekutana kwa hoteli karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare. Aliyewaita ni Loren Dunton, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushauri wauzaji jinsi ya kuuza. Ili uelewe kwa nini mtu wa mauzo aliamka siku moja akataka kuanzisha taaluma, lazima ujue mambo yalikuwaje.

Mmarekani wa kawaida wa wakati huo, mwenye mshahara na nyumba ya mkopo, akitaka ushauri wa pesa alikuwa anakutana na watu wa aina mbalimbali na kila mmoja anaona kipande chake tu. Ajenti wa bima, hata umwambie shida yako ni gani, dawa ni bima. Dalali wa hisa, dawa ni hisa. Muuzaji wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, dawa ni mfuko. Mhasibu anakuona mara moja kwa mwaka wakati wa kodi, halafu kwaheri. Hakuna mtu aliyeketi na familia akauliza: mna deni kiasi gani, watoto ni wangapi, mzee akifa leo itakuwaje, mkistaafu mtakula nini?

Halafu soko la hisa lilikuwa linaenda chini, na majina ya wauzaji yalikuwa yamechafuka. Kulikuwa na kampuni kubwa, Investors Overseas Services ya Bernard Cornfeld, yenye makao Geneva, iliyokuwa na jeshi la wauzaji wanaozunguka wakiuzia watu mifuko ya uwekezaji, hasa Wamarekani wanaoishi ng'ambo na wanajeshi. Mwaka 1970 ikaporomoka vibaya. Kwa hivyo ukiwa muuzaji wa bidhaa za pesa miaka hiyo, ukibisha mlango unafungiwa.

Wazo la Dunton lilikuwa na pande mbili, na naona ni vizuri tuzishike zote mbili bila kuficha moja. Upande mmoja ni wazo zuri kabisa: pesa za mtu ni kitu kimoja, mwenye kushauri aangalie zote pamoja. Upande wa pili ni biashara. Mtu anayekuona kama vile anamwona daktari hatakufungia mlango. Nadhani hao watu 13 waliamini pande zote mbili kwa wakati mmoja, na sioni kama kuna unafiki hapo. Lakini hiyo mbegu ilipandwa na matunda yake yamevunwa miaka hamsini.

Kutokana na mkutano huo kulizaliwa chama cha wanachama, na pia chuo, College for Financial Planning, kilichokaa Denver, Colorado. Usiwaze majengo na nyasi na wanafunzi wamelala chini ya mti. Watu walikuwa wanasoma kwa posta, jioni baada ya kazi, wengi wakiendelea kuuza mchana. Mwaka 1973 kundi la kwanza likamaliza: watu 42. Hao ndio watu wa kwanza duniani kuandika hizo herufi tatu baada ya majina yao.

Sasa hebu turudi nyumbani, kwa sababu mwaka huohuo wa 1969, miezi mitano kabla ya hoteli ya Chicago, kuna kitu kilikuwa kimefanyika Nairobi. Julai 24, 1969 ndipo ilianzishwa KASNEB, bodi ya kitaifa ya mitihani ya wahasibu na makatibu wa kampuni. Nchi ilikuwa na miaka sita hivi ya uhuru. Ukitaka kuwa mhasibu wa kutambulika ulikuwa unafanya mitihani inayotungwa Uingereza, na serikali ilitaka wahasibu wake, wa mitihani yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza: Marekani cheti kilitoka chini, kwa watu waliokuwa wanatafuta heshima. Kwetu kilitoka juu, kwa serikali iliyokuwa inatafuta wafanyakazi.

Lakini tofauti yenye maana zaidi ni ya pili, na huwa hatuijali kabisa. KASNEB haifundishi. Inatunga mtihani na kusahihisha, basi. Kufundisha ni kazi ya vyuo, ndio maana mjini hukosi bango la chuo cha CPA kwa ghorofa ya tatu. Halafu ikaja Sheria ya Wahasibu ya 1977, na mwaka uliofuata taasisi ya wahasibu, ICPAK. Kwa hivyo anayekufundisha si anayekupa mtihani, na anayekupa mtihani si yule ana mamlaka ya kukuita mbele ya kamati ukikosea. Sisemi hii ilitufanya malaika. Kenya haijawahi kukosa kashfa ya pesa kwa sababu tuko na wahasibu wenye vyeti. Ila mpangilio wenyewe ulikuwa na akili.

Wamarekani waliupata mpangilio huo kwa kupigana kortini. Iko hivi. Chuo cha Denver kilikuwa kinafundisha, kinatoa mtihani, na pia ndicho kinatoa jina la CFP. Vyote chini ya paa moja. Miaka ya themanini ikaanza, na chuo kikuu cha Adelphi kule New York kikawa na programu yake ya kupanga fedha, na kikawa kinawapa waliomaliza hizo herufi tatu pia. Denver wakasema hapana, jina ni letu. Adelphi wakasema kama ni shahada au cheti cha masomo, chuo chochote kinaweza kutoa. Ni kesi iliyoonekana ndogo, ya majina tu, lakini ndani yake kulikuwa na swali kubwa: CFP ni kitu ulichosoma, au ni kitu ulicho? Kama ni kitu ulichosoma, hakuna mtu anaweza kukunyang'anya. Digrii yako ya historia hata ukiiba benki inabaki yako. Kama ni leseni ya kuaminiwa, basi lazima kuwe na mtu wa kuichukua siku ukivunja uaminifu.

Mwaka 1985 mambo yalitatuliwa kwa kuunda bodi huru iliyopewa umiliki wa jina, ile leo inaitwa CFP Board. Chuo kikabaki kufundisha, na vyuo vingine vikaruhusiwa kufundisha. Mwaka 1991 bodi ikaanza kutoa mtihani mmoja mkubwa wa kila kitu. Kwa miaka mingi ulikuwa mtihani wa saa kumi kwa siku mbili. Siku hizi ni maswali 170 kwa siku moja, kwa kompyuta. Mwaka 1999 bodi ilijaribu kuleta cheti kidogo cha wanaoanza, aina ya CFP nusu, na wenye cheti kamili wakapiga kelele mpaka wazo likatupwa. Nikisoma hiyo sehemu nacheka kidogo, kwa sababu inafanana na kila chama cha taaluma nilichowahi kuona: tukishaingia, mlango ufungwe vizuri.

Hadi hapa unaweza kusema, sawa, wameelewa, wametengeneza bodi, wametengeneza mtihani, hadithi imeisha. Hapana. Tumefika kwa pesa sasa.

Hao wapangaji walikuwa wanalipwa na nani? Wengi walikuwa wanalipwa kamisheni na kampuni ambazo bidhaa zake wanakuuzia. Na kamisheni haihitaji mtu mbaya ili ifanye kazi mbaya. Chukua mfano wa hapa kwetu. Tuseme mzazi ana shilingi 5,000 kwa mwezi za kuwekea mtoto karo ya sekondari. Kuna njia mbili mbele ya mshauri. Moja ni kumwambia afungue akaunti kwa mfuko wa soko la fedha, hizo sote tunaita MMF, aweke, asiguse. Nyingine ni sera ya bima ya elimu ya miaka kumi au kumi na tano. Ya kwanza inamletea mshauri kidogo au hakuna. Ya pili inamlipa kamisheni, na kwa bima za maisha sehemu nono ya kamisheni huja mwanzoni. Mzazi akipoteza kazi mwaka wa pili akaacha kulipa, anaweza kuambiwa sera bado haijafika thamani ya kurudishiwa kitu. Ajenti keshalipwa. Sasa niambie, huyo ajenti ni mwizi? Si mwizi. Pengine bima ilikuwa na maana kwa mzazi huyo, maana akifa karo ingelipwa, jambo MMF haiwezi kufanya. Lakini mzazi hakujua kwamba swali lilikuwa na majibu mawili na moja lilikuwa na malipo kwa mwenye kujibu.

Marekani ya miaka ya themanini ilifanya hivyo kwa ukubwa wa ajabu. Bidhaa iliyokuwa moto ni ushirika wa kukwepa kodi: unanunua kipande cha biashara ya majengo, visima vya mafuta, hata ng'ombe wa kunenepesha, na hasara ya makaratasi unaitumia kupunguza kodi ya mshahara wako. Kamisheni zilikuwa nene, na wapangaji wengi walizitangaza kama mpango wa maisha. Mwaka 1986 serikali ikabadilisha sheria ya kodi, mlango ukafungwa, na wateja wakabaki na vipande vya biashara ambazo hazikuwa zimetengenezwa kupata faida. Wapangaji wengi waliondoka kabisa kazini. Ukiuliza mtihani ulikuwa unawafundisha nini wakati huo, jibu ni kwamba ulikuwa unawafundisha kodi vizuri sana. Hapo ndipo mimi huona cheti kilionyesha mipaka yake: watu walijua, na bado.

Kuna kundi lililokuwa limeona hiyo shida mapema. Mwaka 1983 waliunda chama chao, NAPFA, cha washauri wanaolipwa na mteja pekee, bila kamisheni hata senti. Walikuwa wachache na wenzao waliwaona kama wanajifanya watakatifu. Lakini ndio waliouliza swali la maana kuliko maswali yote 170: unamfanyia nani kazi?

Kiswahili kina neno zuri la jambo hili kuliko Kiingereza, na neno ni amana. Ukimwekea mtu mali yake, si yako, hata ikiwa mkononi mwako, na ukiitumia kwa faida yako umekula amana. Katika sheria za Kiingereza wajibu huu una jina lake na historia yake ndefu, na kwa Marekani washauri wa uwekezaji waliosajiliwa walikuwa tayari wanabanwa na wajibu huo chini ya sheria ya 1940. Madalali hawakubanwa, kwa hoja kwamba ushauri wao ni wa pembeni tu, kazi yao ni kuuza. Na wapangaji wenye CFP wengi walikuwa wamekaa upande wa madalali na wa bima.

Sasa hesabu na mimi. Cheti kilianza 1973. Bodi ilikuja 1985. Sharti la kuwa na digrii lilikuja 2007. Wajibu wa amana uliingia kwenye kanuni za bodi mwaka 2008, tena ukihusu tu wakati unapofanya "mpango wa fedha" kamili. Ukitoa ushauri wa juujuu na kuuza bidhaa, ulikuwa unaweza kusema wakati huo sikuwa napanga. Kanuni kwamba mwenye CFP awe na wajibu wa amana wakati wote anapotoa ushauri wa fedha ilianza Oktoba 1, 2019, na bodi ikangoja hadi Juni 30, 2020 kuanza kuitekeleza. Kutoka hoteli ya O'Hare mpaka hapo ni miaka hamsini. Mtihani walitunga kwa miaka michache. Kusema "mteja kwanza, kila wakati" ikawachukua nusu karne.

Na hata hapo, kabla tu kanuni ianze, Julai 2019, gazeti la Wall Street Journal likachapisha uchunguzi. Bodi ilikuwa na tovuti ya kumsaidia mwananchi kutafuta mpangaji wa kuaminika, karibu majina 72,000. Waandishi wakalinganisha majina hayo na rekodi za umma za wadhibiti wa serikali. Zaidi ya 6,300 kati yao walikuwa na malalamiko rasmi ya wateja, matatizo ya kifedha au hatua za nidhamu, na kwa tovuti walionekana safi kama theluji. Rekodi zilikuwepo, ziko wazi, ila hakuna mtu kwa bodi aliyekuwa amezilinganisha. Bodi iliunda jopo la kujichunguza na ikabadilisha utaratibu. Sawa, lakini kumbuka hii ni taasisi yenye pesa, katika nchi yenye rekodi. Leo ina zaidi ya watu 100,000 wenye cheti Marekani pekee.

Cheti chenyewe kilikuwa kimeshatoka nje ya Marekani. Nchi ya kwanza ilikuwa Australia, 1990, kisha Japan 1992, na mwaka 2004 ikaundwa taasisi nyingine, FPSB, ya kusimamia jina nje ya Marekani. Duniani sasa ni zaidi ya watu 200,000. Hapa Afrika walioshika sana ni Afrika Kusini, na wao walikuwa na kitu kingine juu yake: sheria ya mwaka 2002 inayosema yeyote anayetoa ushauri wa fedha kwa malipo awe na leseni, na leseni ina nambari ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua. CFP huko ni ya hiari, leseni ni lazima. Mimi naona wamepanga vizuri, kwa sababu wametenganisha kujua na kuruhusiwa.

Australia nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiko jambo lilikoenda mpaka mwisho. Mwaka 2013 walipiga marufuku kamisheni nyingi za bidhaa za uwekezaji. Mwaka 2018 tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Kenneth Hayne ikasikia ushahidi kwamba benki kubwa zilikuwa zinatoza wateja ada za ushauri ambao haukuwahi kutolewa, na kwamba washauri wa Commonwealth Bank walitoza hata marehemu. Mmoja ametozwa zaidi ya miaka kumi baada ya kufa. Hao washauri walikuwa na vyeti, na benki ilikuwa na idara nzima ya kufuata kanuni.

Jibu lao likawa kukaza: digrii, mtihani wa kitaifa, usimamizi. Na unajua nini kilitokea? Washauri wakapungua kutoka kama 28,000 mwanzoni mwa 2019 hadi chini ya 16,000 ndani ya miaka michache. Wale wabovu waliondoka, na wazuri waliochoka na makaratasi nao wakaondoka. Waliobaki wakapandisha bei, ushauri kamili ukawa ni wa maelfu ya dola. Na vijana wa kawaida wakaenda wapi? TikTok. Ikafika Machi 2022, mdhibiti wao akalazimika kutoa onyo kwa watu kama mimi: ukipendekeza bidhaa za fedha bila leseni unaweza kufungwa hadi miaka mitano.

Hiyo ndiyo sehemu naomba wale wanaopigia debe cheti cha lazima Kenya waisome mara mbili. Ukipandisha mlango juu sana bila kufikiria nani atalipa ngazi, watu hawaachi kutafuta ushauri. Wanautafuta kwingine.

Kwetu sasa. Sheria zetu zimegawa pesa ya Mkenya vipande vipande, kila kipande na mwenyewe. Hisa na MMF ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Bima ni IRA. Pensheni ni RBA. Sacco ni SASRA. Benki ni Benki Kuu. Kila mmoja anaweza kuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa na bado hakuna anayemwona mtu mzima. Na mtu mzima mwenyewe, tumchukue mwalimu wa miaka ishirini na nane, ana mkopo wa sacco, ana Fuliza inayomla kidogo kidogo, ana chama mbili, kuna ndugu kidato cha tatu anamlipia karo, na mazishi kijijini hayaishi michango. Kuna shamba la ukoo ambalo kila mtu anajua litagawanywa na hakuna anayetaka kuanza hayo maongezi. Hakuna mtaala wa Denver una chama ndani yake. Nafikiri mpangaji wa fedha wa Kenya asiyejua jinsi chama kinavyovunjika, au jinsi unavyomwambia mjomba hapana bila kufukuzwa kwa ukoo, bado hajasoma, hata akiwa na herufi kumi.

Tuna taaluma ya karibu. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Wachambuzi wa Uwekezaji na Fedha, iliyounda taasisi ya ICIFA, na KASNEB ndiyo inatoa mtihani wa CIFA. Mpangilio ni uleule wa 1969: anayetahini ni huyu, anayesajili na kuadhibu ni yule. Ni mtihani mzito. Lakini uzito wake uko kwa hisa, dhamana na kuchambua kampuni. Ni watu wa kukusimamia mfuko wa pensheni wa mabilioni, si wa kukaa na mwalimu na Fuliza yake. Anayekaa na mwalimu kwa kweli ni ajenti wa bima, na cheti anachohitaji ajenti ni kile cha umahiri, COP, ambacho ni kozi fupi. Kwa hivyo anayejua sana yuko mbali na mtu wa kawaida, na aliye karibu analipwa kwa kuuza. Ni Chicago ya 1969 hiyo, na simu juu yake.

Kuna watakaosema, kama tungekuwa na wapangaji wenye vyeti wakati wa skimu za piramidi za 2006 na 2007, watu hawangepoteza pesa. Mimi sikubali. Hasara ilikuwa ya mabilioni, serikali ikaunda jopo lililoongozwa na marehemu Francis Nyenze kuchunguza. Lakini watu hawakuingia humo kwa kukosa mpangaji. Waliingia kwa sababu aliyewaambia ni jirani aliyekuwa amelipwa mwezi uliopita, au mtu waliyemjua kanisani. Huwezi kumshinda jirani aliyelipwa kwa kumwonyesha cheti ukutani. Kilichokosekana ni mahali pa kuuliza haraka, bure, "hawa wamesajiliwa na nani?" na kupata jibu kabla hujatuma pesa.

Kwa hivyo sheria ikija, na naamini itakuja, sitaki ianze na mtihani. Ianze na pale Wamarekani walipofika wakiwa wamechelewa miaka hamsini: anayetoa ushauri wa pesa kwa malipo aseme kwa maandishi, kabla ya sahihi yoyote, nani anamlipa na kiasi gani, kwa shilingi, si kwa asilimia iliyofichwa ukurasa wa kumi na mbili. Sisi wa mtandaoni tukiwa wa kwanza. Nikilipwa na kampuni kusema jina lake, uone hiyo pesa. Halafu kuwe na rejista moja, si tano, ya vipande vyote, ambayo mtu anaweza kuangalia hata na kabambe kwa namba ya kubonyeza nyota, na iwe na malalamiko yaliyothibitishwa, si majina ya wasafi tu.

Mtihani uje baadaye, na uwe na ngazi ya chini ambayo karani wa sacco kule Kitale anaweza kuifanya bila kuacha kazi, hata kama wenye cheti kikubwa watapiga kelele kama walivyopiga 1999. Mtaala wa ngazi hiyo tayari naweza kukuambia ukurasa wa kwanza: chama kimevunjika, mweka hazina hashiki simu, na kuna mkopo uliochukuliwa kwa majina ya watu kumi na mbili.